Utando wa shaba unarukaje? Kuiga kwa kompyuta namna leza inavyoyeyusha na kuhamisha tando nyembamba

Kioo cha silika kimepakwa shaba upande wa chini, unene wa nanomita 200. Unywele wa binadamu unaushinda unene huo mara mia kadhaa. Chini ya shaba, umbali wa maikromita 30, limelazwa bamba la silikoni. Mpigo mmoja wa leza unatoka juu, unapenya kioo bila kukidhuru, unaikuta shaba, na baada ya maikrosekunde chache tone la shaba limekwisha kutua kwenye silikoni. Kwenye utando linabaki tundu la mviringo. Hakuna sindano iliyogusa kitu, hakuna kemikali iliyomwagwa, wala hakuna tundu la kichapishi linaloweza kuziba.

Mbinu hii huitwa uhamishaji wa mbele kwa leza, na walio kwenye kazi hiyo huiita LIFT, kwa herufi za jina lake la Kiingereza. Mwaka 1986, Bohandy, Kim na Adrian wa Maabara ya Fizikia Tumizi ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, waliitumia kuhamisha shaba hadi kwenye silikoni kwa leza ya urujuanimno yenye urefu wa wimbi wa nanomita 193. Tangu hapo imeingia katika kuunga nyaya zilizokatika ndani ya skrini, kuchora saketi za dhahabu na fedha, kusimamisha nguzo ndogo za chuma, hata kupanga chembe hai. Kwa nje inaonekana rahisi. Ugumu unaanza pale mtu anapotaka kujua, kabla ya kuwasha leza, tone litakuwa na ukubwa gani, litaruka kwa kasi gani, na litatua zima au limesambaratika.

Ninavyoona, wengi hukwama kwa sababu wanatafuta modeli moja ya kueleza yote, na modeli ya namna hiyo haipo. Kinachofanya kazi ni mnyororo wa modeli. Kila moja inatawala kipindi chake cha muda kisha inaikabidhi inayofuata matokeo yake. Ukishatambua ni fizikia gani inatawala katika kipindi gani, sehemu kubwa ya tatizo inapungua hadi hesabu unayoweza kuifanya kwenye karatasi.

Hesabu ya karatasi kabla ya programu

Anza na swali la joto. Katika nanosekunde 10, ambazo ndizo urefu wa kawaida wa mpigo wa leza nyingi za viwandani, joto linasafiri umbali gani? Umbali huo unapatikana kwa kuzidisha uwezo wa kusambaza joto wa mata husika na muda, kisha kutafuta kipeuo cha pili. Kwa shaba jibu ni kama maikromita 1. Kwa kioo cha silika ni kama nanomita 90.

Namba hizo mbili zinaeleza mengi. Mwanga wa leza haupenyi shaba zaidi ya nanomita 20 hivi, kwa hiyo nishati yote inamezwa kwenye ngozi nyembamba inayogusana na kioo. Lakini ndani ya muda wa mpigo joto linaweza kusafiri maikromita nzima, na utando wetu una moja ya tano tu ya umbali huo. Maana yake shaba inapata joto karibu sawasawa kutoka juu hadi chini, na tofauti kati ya upande wa kioo na upande wa hewa ni ndogo. Kama utando ungekuwa na unene wa maikromita 3, upande wa kioo ungeweza kufikia kuchemka huku upande wa hewa ungali mgumu, na hapo unahitaji modeli nyingine. Kioo nacho kinaiba kidogo tu, kwa kuwa joto halipati nafasi ya kuingia mbali. Kwa mfano wetu wizi huo ni kati ya sehemu ya kumi na sehemu ya tano ya joto lililoko kwenye shaba.

Sasa nishati. Kupandisha gramu moja ya shaba kutoka nyuzi 20 za Selsiasi hadi nyuzi 1,085, inapoanza kuyeyuka, kunahitaji takriban jouli 465. Kuiyeyusha kabisa kunadai jouli 205 zaidi, ambazo ni joto fichi, yaani joto linalovunja mpangilio wa atomu bila kuongeza halijoto. Jumla ni 670. Kuifikisha kwenye nyuzi 2,562, inapochemka, kunahitaji jouli 740 nyingine hivi. Lakini kuigeuza yote kuwa mvuke kunahitaji takriban jouli 4,700 juu ya hizo zote.

Itazame hiyo namba ya mwisho. Kuyeyusha shaba ni kazi nyepesi; kuifanya mvuke ni kazi nzito karibu mara 9. Pengo hilo ndilo linaloifanya LIFT iwezekane. Kuna ukanda mpana wa nishati ambamo utando umeyeyuka wote, ukapata joto kupita kiasi, lakini ni sehemu ndogo tu iliyogeuka mvuke. Sehemu hiyo ndogo inafanya kazi ya kusukuma, na iliyobaki ndiyo mzigo unaosafirishwa.

Kwa utando wetu wa nanomita 200, kuyeyusha kunadai jouli 0.12 kwa kila sentimita mraba. Kwenye doa la duara lenye kipenyo cha maikromita 10 hiyo ni nanojouli 94 tu. Hapa lazima tahadhari moja itajwe, kwa sababu ndipo modeli nyingi zinapopotoka tangu mwanzo: hizo ni nishati zilizomezwa, si zile zilizotoka kwenye leza. Leza ya infraredi ya nanomita 1,064 ikiipiga shaba, zaidi ya asilimia 95 ya mwanga inarudishwa. Leza ya kijani ya nanomita 532 ikiingia kupitia kioo, asilimia 40 hadi 50 inamezwa. Kisha uakisi wenyewe unabadilika shaba inapopata joto na tena inapoyeyuka. Ukiweka kwenye programu namba moja ya uakisi kutoka kwenye jedwali la shaba baridi, kizingiti utakachokipata, yaani nishati ndogo kabisa inayotosha kuhamisha utando, kinaweza kukosewa kwa kiasi kikubwa, hata kama hesabu zote zinazofuata ni sahihi kabisa.

Mpaka unaotembea

Mlinganyo wa joto ambao Joseph Fourier aliuchapisha mwaka 1822 bado ndio msingi. Joto linalojikusanya mahali ni lile linaloingia kutoka kwa majirani, pamoja na lile linalozalishwa papo hapo na leza. Tatizo linakuja na kuyeyuka. Kati ya shaba ngumu na shaba majimaji kuna mpaka, na mpaka huo unatembea. Kasi yake inategemea joto linalofika pale, na joto linalofika pale linategemea mpaka uko wapi. Josef Stefan alikumbana na jambo hili hili mwaka 1889 alipokuwa akichunguza namna barafu inavyonenepa kwenye bahari za ncha za dunia, na mpaka leo matatizo ya aina hii yanabeba jina lake.

Kuufuatilia mpaka huo hatua kwa hatua kunachosha kompyuta na mwandishi wa programu pia. Njia inayopendwa ni kuacha kufuatilia halijoto na badala yake kufuatilia entalpi, yaani jumla ya nishati ya joto iliyomo katika kila kichumba cha gridi, ile ambayo programu inaugawia utando vipande vidogo. Entalpi haina kigugumizi. Nishati inaingia, entalpi inapanda. Ikiwa iko chini ya kiwango cha kuyeyuka, kichumba ni kigumu. Ikiwa imepita kiwango hicho pamoja na joto fichi, ni majimaji. Ikiwa iko katikati, kichumba kimeyeyuka kwa sehemu, na halijoto yake inabaki palepale kwenye 1,085. Mpaka unajitokeza wenyewe bila mtu kuuchora.

Gharama yake ni hatua za muda. Ukitumia vichumba vya nanomita 5 na njia rahisi ya kusonga mbele, kila hatua haiwezi kuzidi sehemu ya kumi ya pikosekunde (pikosekunde ni sehemu ya elfu ya nanosekunde), la sivyo hesabu inalipuka. Kwa nanosekunde 10 hiyo ni hatua 100,000. Katika kipimo kimoja, yaani kina peke yake, kompyuta ya kawaida inamaliza mara moja. Katika vipimo vitatu, vichumba vinaweza kufika mamia ya mamilioni, na ndiyo sababu watu wengi huchukulia kwamba doa ni la mviringo kamili, wakatatua mkato mmoja tu kutoka katikati hadi pembeni.

Kuna namba nyingine inayodanganya bila kelele, nayo ni ukinzani wa joto kati ya shaba na kioo. Joto halivuki mpaka wa mata mbili bila kulipa ushuru. Pjotr Kapitza aliuonyesha ukinzani huo mwaka 1941 kwenye heliamu majimaji, na unahusu pia utando uliopakwa kwenye kioo. Isitoshe, shaba ya utando hailingani na shaba ya waya. Imejaa mipaka ya punje, na elektroni zinazobeba joto zinagonga mipaka hiyo kila mara, hivyo upitishaji wake wa joto uko chini. Mtu makini anapima utando wake mwenyewe.

Nani anausukuma?

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Shaba imeyeyuka, lakini majimaji yaliyonata kwenye kioo hayana sababu ya kuruka. Lazima kitu kiyasukume.

Kundi la Johns Hopkins lilitoa jibu la kwanza mwaka 1987, pamoja na modeli yake. Katika maelezo yao, upande wa kioo unapata joto kwanza, wimbi la kuyeyuka linasafiri kuelekea upande wa hewa, na takriban wakati linapofika huko, upande wa kioo umefikia kuchemka. Mvuke unaozaliwa pale umebanwa kati ya kioo na majimaji, hauna pa kutokea, basi unaisukuma shaba kama mvuke unavyoinua mfuniko wa sufuria.

Je, mvuke unatosha? Tupime. Presha ya mvuke wa shaba kwenye kiwango chake cha kuchemka ni sawa na ile ya angahewa, yaani 1. Lakini presha hiyo inapanda kwa kasi ya ajabu: halijoto ikifika nyuzi 3,230 hivi, presha inakuwa takriban mara 11 ya angahewa. Ongezeko la nyuzi 670 tu limeikuza presha mara 11. Sasa upande wa pili wa mizani. Shaba majimaji ina mvutano wa uso mkubwa mno, takriban mara 18 ya ule wa maji inapoanza kuyeyuka, na mvutano huo unajaribu kuurudisha uso uwe bapa. Ili kuuvimbisha utando uwe nusu tufe juu ya doa la maikromita 10, kukiwa na nyuso mbili za kukunja, moja ya nje na moja ya ndani, inahitajika presha ya kati ya 6 na 10 za angahewa, kutegemea majimaji yamepata joto kiasi gani.

Kumi na moja dhidi ya kati ya sita na kumi. Pande mbili zinakaribiana, na ndiyo sababu kizingiti cha LIFT ni kikali hivyo. Chini kidogo, utando unavimba kisha unarudi na kuganda ukiwa na kinundu. Juu kidogo, unaachia. Na ukilipunguza doa hadi maikromita 2, presha inayohitajika inazidishwa mara 5, kwa kuwa mkunjo umekuwa mkali zaidi. Kuchapa madoa madogo kunazidi kuwa kugumu kadiri unavyoshuka, na sababu haitokani na lenzi peke yake.

Upande wa kasi nao una hesabu yake. Utando wa nanomita 200 ni mwepesi kiasi kwamba presha ya angahewa 11 ikiusukuma bila kizuizi kwa nanosekunde 10 tu, unafikia karibu mita 6 kwa sekunde. Ukiendelea kusukumwa, unapita hapo. Kasi za mita chache hadi makumi kwa sekunde ndizo zinazofaa kwa uchapaji safi. Nishati ikizidi mno, kasi inaingia mamia, utando unapasuka, na bamba linapokea manyunyu badala ya tone. Halijoto ikikaribia ile ambapo tofauti ya majimaji na mvuke inapotea kabisa, majimaji yanaanza kuchemka kila mahali kwa pamoja, na hapo hakuna tena kitu cha kuita uhamishaji.

Lakini mvuke si msukumaji pekee. Metali nyingi zinatanuka zinapoyeyuka, shaba kwa takriban asilimia 4 hadi 5, aluminiamu kwa asilimia 6 hivi. Doa lililoyeyuka limezungukwa na utando mgumu usiotoa nafasi pembeni, na juu yake kuna kioo. Upande wa wazi ni mmoja tu. Majimaji yanatanuka kuelekea huko, yanapata kasi, na hata mvuke usipokuwepo wa maana, kinundu kinaweza kuchomoza na kuachia tone dogo sana kutoka kwenye kilele chake. Matone ya namna hii huwa madogo kuliko doa lenyewe, jambo linalowafurahisha wanaotafuta kuchapa chini ya maikromita. Silikoni inafanya kinyume, inasinyaa inapoyeyuka, kwa hiyo modeli iliyotungwa kwa aluminiamu haiwezi kupelekwa kwake bila kufikiriwa upya.

Msukumaji wa tatu anatokea mipigo inapokuwa mifupi sana. Sauti inavuka utando wetu kwa pikosekunde 43 hivi. Mpigo wa nanosekunde 10 ni mrefu kuliko huo mara mia mbili na zaidi, kwa hiyo utando unapata muda wa kutanuka taratibu na mkazo hautuami. Mpigo wa femtosekunde mia kadhaa (femtosekunde ni sehemu ya elfu ya pikosekunde) hautoi nafasi hiyo. Utando unapata joto kabla haujaweza kusogea hata kidogo, mkazo unafungiwa ndani, kisha unafunguka kama wimbi linalogonga uso wa wazi na kurudi likiwa mvuto. Mvuto huo unaweza kuipasua shaba katikati ya unene wake.

Kwa mipigo hiyo hata neno halijoto linahitaji kugawanywa. Mwanga unamezwa na elektroni kwanza, na elektroni zinaweza kufika maelfu ya nyuzi huku atomu zenyewe zikiwa bado baridi. Anisimov na wenzake, katika Muungano wa Kisovieti, waliandika mwaka 1974 modeli ya halijoto mbili, yaani mlinganyo mmoja wa elektroni, mwingine wa atomu, na kipande kinachopitisha nishati kutoka upande mmoja hadi mwingine ndani ya pikosekunde chache. Kwa mipigo ya nanosekunde kuitumia ni kupoteza muda wa kompyuta, kwa kuwa pande zote mbili zinakuwa zimelingana siku nyingi. Kwa femtosekunde huwezi kuiacha.

Mbio za kukatika na kuganda

Baada ya msukumo, hadithi inahamia kwenye mwendo wa majimaji. Mlinganyo wa joto unakabidhi kazi kwa milinganyo ya Navier na Stokes, na swali linakuwa uso wa majimaji uko wapi kila wakati. Njia ya Hirt na Nichols ya mwaka 1981 ndiyo inayotumika zaidi. Kila kichumba cha gridi kinabeba namba kati ya 0 na 1 inayosema ni sehemu gani yake imejaa shaba, na uso unajengwa upya kutoka kwenye namba hizo.

Kwa vipimo hivi mnato hauna sauti kubwa. Shaba majimaji ni nyepesi kumiminika, na katika tone la maikromita chache mvutano wa uso unaishinda nguvu ya mnato kwa mbali. Hilo linaleta adha ya kihesabu ambayo kila anayeanza hukutana nayo. Programu inakadiria mkunjo wa uso kutoka kwenye gridi, makadirio yanakuwa na kasoro ndogo, mvutano mkubwa unazikuza kasoro hizo, na ghafla tone lililotakiwa kutulia linaanza kuzunguka ndani kwa kasi ambayo haipo katika dunia halisi. Jaribio la kwanza ninalolipendekeza kwa yeyote ni kuiga tone moja lililotulia, bila leza, bila joto, na kuangalia kama kweli linatulia. Lisipotulia, matokeo mengine yote hayana thamani.

Utando uliovimba unavuta shingo, shingo inakuwa mchirizi, mchirizi unakatika. Plateau na Rayleigh walieleza katika karne ya 19 kwa nini mchirizi wa majimaji haukubali kubaki mrefu: mvimbo mdogo ulio mrefu kuliko mzingo wa mchirizi unapunguza eneo la uso, kwa hiyo unajikuza. Kwa mchirizi wa shaba wenye nusu kipenyo cha nusu maikromita, mvimbo unajikuza kwa kipimo cha nanosekunde 80 hivi, na mchirizi unakatika ndani ya mamia ya nanosekunde.

Wakati huohuo joto linakimbilia pembeni, kwenye utando ambao leza haikuupiga. Kwa doa la maikromita 10, shaba ngumu inayozunguka inaweza kulinyonya joto hilo katika muda huohuo wa mamia ya nanosekunde. Basi ni mbio. Mchirizi ukikatika kwanza, tone linaruka. Ugandaji ukiwahi, mchirizi unabaki umesimama kama mwiba, na miiba hiyo inaonekana wazi chini ya darubini ya elektroni kwenye tando zilizopigwa kwa nishati ndogo kidogo kuliko ilivyohitajika. Modeli inayotatua joto peke yake kisha majimaji peke yake haiwezi kutabiri mshindi. Hapa lazima viende pamoja, hatua kwa hatua, na hapa ndipo gharama ya kompyuta inastahili kulipwa.

Safari yenyewe haina mengi. Duara lote la maikromita 10 likijikusanya linakuwa tufe la kipenyo cha maikromita 3 hivi. Kwa kasi ya mita 10 kwa sekunde linavuka maikromita 30 kwa maikrosekunde 3. Hewa ingehitaji zaidi ya maikrosekunde 10 kuligandisha, kwa hiyo linafika likiwa majimaji.

Kuhakiki kizingiti

Kabla ya kuiamini modeli, ilinganishe na kitu kinachopimika bila ubishi. Miale ya leza kwa kawaida ina nguvu katikati na inafifia kuelekea pembeni kwa umbo la Gauss, yaani umbo la kengele. Mwaka 1982, J. M. Liu alionyesha kwamba ukipiga madoa kwa nishati tofauti, ukapima kipenyo cha kila tundu, kisha ukachora mraba wa kipenyo dhidi ya logi ya nishati, unapata mstari mnyoofu. Mteremko wake unakupa upana wa mwale, na mahali unapokata sifuri panakupa kizingiti. Hakuna kubahatisha upana wa mwale kutoka kwenye karatasi ya mtengenezaji wa lenzi. Modeli ipewe upana huo uliopimwa, kisha iulizwe vizingiti viwili tofauti, kile cha kuvimba na kile cha kutoboka. Kukipata kimoja ni rahisi, kwa sababu unaweza kuuchezea uakisi mpaka namba ikubali. Kuvipata vyote viwili kwa uakisi uleule ni jambo jingine kabisa.

Kutua

Tone limegusa bamba. Kuna hesabu fupi ambayo naipenda kuliko zote katika somo hili. Mata mbili zenye halijoto tofauti zikigusana ghafla, mpaka wao unachukua mara moja halijoto ya katikati, ikivutwa zaidi na ile inayopitisha na kuhifadhi joto vizuri zaidi. Chukua tone la shaba la nyuzi 1,500 linalotua juu ya shaba baridi ya nyuzi 20. Ukiacha kando joto fichi, mpaka unakuwa na takriban nyuzi 620, mbali sana chini ya 1,085. Shaba ya chini haiyeyuki. Ili iyeyuke, tone lingelazimika kufika likiwa na nyuzi zaidi ya 2,600, yaani juu kidogo ya kuchemka kwake.

Joto fichi linaupandisha mpaka huo kiasi, lakini picha haibadiliki. Tone linaloangukia tone lenzake linaganda katika muda wa takriban nanosekunde 100, wakati kutandazika kwake kunahitaji kama 300, hivyo linaganda kabla halijamaliza kutandaa. Likiangukia kioo, ambacho hakinyonyi joto haraka, linapata muda wa kutandaa vizuri. Ndiyo maana nguzo za shaba zilizojengwa tone juu ya tone zinaonyesha tabaka zake kama sarafu zilizopangwa, zikiwa na vinyweleo katikati, na ukinzani wake wa umeme unakuwa mkubwa mara kadhaa kuliko wa shaba kamili. Anayetaka nguzo inayopitisha umeme vizuri ana njia mbili ambazo modeli inaweza kuzipima kabla ya kugusa leza. Ya kwanza ni kulipasha moto bamba la kupokelea, ili mpaka uanzie juu zaidi. Ya pili ni kuongeza kasi ya mipigo, ili tone linalofuata likute la kwanza bado halijapoa, ingawa kwa shaba juu ya shaba hilo linadai matone yafuatane ndani ya maikrosekunde chache.